Pijo ya Baba, Moja kwa Ishirini na Nne

Bodi ni kopo la maziwa,
nimelikata kwa mkasi wa cherehani wa Aikande
(hajui; akijua nimekwisha).
Magurudumu ni kandambili, duara kwa duara,
nikayasugua kwa msasa hadi usiku wa Njoro
ukabakiwa na mbwa mmoja tu.

Boneti nimeitupa. Injini ionekane!
Silinda nane za kalamu zilizokauka wino,
mabomba ya moshi ni mirija ya dripu
aliyonipa Nesi Mamkwe bila kuuliza ya nini.
Nyuma nimeinyanyua, mbele imeinama
kama fahali anayetafuta ugomvi.

Rangi sikugusa. Ilikuwa krimu,
krimu ya vumbi la Kibosho na magunia ya kahawa,
na mbonyeo mlangoni, pale baba alipogonga nguzo ya Ushirika
akaapa kuwa nguzo ndiyo iliyosogea.
Mgongo wa kijiko, pigo moja,
bati likakumbuka.

Kisha paa. Nikalishusha milimita tatu,
gari likakunja uso, likawa na jicho la hasira.
Nikajipigia mluzi.

Aikande akaja kutafuta mkasi wake.
Akachuchumaa, akachungulia dirishani, kimya,
mkasi akausahau.
"Na kofia ya baba itakaa wapi?"

Ile ya kijivu, ya kanisani na ya mnadani.
Sikuwa na jibu.
Nikauchukua mkasi mbele ya macho yake,
nikaling'oa paa lote.

"Na mvua?"

"Si ana kofia?"