Deni la Ngozi Tatu

Mhubiri Bozek alikufa akiwa na deni letu:
ngozi tatu za ndama, zilizokwanguliwa zikalainika.
Mume wangu Havel aliliandika daftarini, msimu wa kupura shayiri.
"Atalipa," alisema. "Anayekemea maaskofu kwa kuuza msamaha
hawezi kumdhulumu mtengeneza ngozi."

Alikuwa mfupi. Sauti ina mikwaruzo, nyimbo aliziharibu.
Jemu ya pea aliipenda kupita kiasi.
Lakini alipopanda mimbarini akasema Kicheki,
Kicheki kilekile tunachogombania bei ya vitunguu,
mama yangu, aliyezoea kusinzia ndani ya Kilatini,
alizinduka, akatazama kushoto na kulia
kama mtu aliyeitwa jina sokoni.

Mimi alinifundisha kuandika kwenye unga,
juu ya ubao wa mikate.
Zipo sauti zetu zenye mvumo wa nyuki;
herufi za Roma hazikuzijua.
Akabonyeza kidole, akaacha nukta juu ya herufi.
"Basi," alisema. "Sasa inavuma."

Wakamwita barazani. Wakampa barua ya usalama
yenye muhuri wa nta nyekundu.
Nta. Sisi wa jirani na tanuri twaijua tabia yake.

Walipokwisha kumchoma walichota majivu,
wakachota na udongo chini ya majivu, kina cha jembe,
wakamwaga vyote mtoni
tusipate hata jino la kubusu.

Miaka kumi na minne sasa.
Kikombe cha divai hunifikia hata mimi,
ukingo wake baridi, wenye alama ya midomo ya mchinjaji.
Mjukuu wangu Vavrik amepigilia misumari
kwenye fimbo ya kupuria ngano
akaenda vitani kwa jina la Bozek,
Bozek aliyewakimbia mabata bukini wetu uani!
Sikusema neno. Nilimfungia mkate.

Havel naye keshazikwa. Daftari ni langu.
Jana kaja padri kijana, anauliza
kama ninayo masalio ya shahidi.
Nikamwonyesha mstari: Bozek, ngozi tatu, hajalipa.
Akaniambia, kwa upole, niufute; marehemu hadaiwi.

Dawa ya deni kulipa.
Nilichovya kalamu, padri akitabasamu.
Havel hakujua nukta, jina aliliandika bubu.
Nikaiweka mahali pake, Bożek,
nikapuliza wino ukauke,
nikafunga daftari deni likiwa ndani.