Risasi Kilo Mia Tisa

Walinichagua usiku, umeme wa Entebbe ukiwa umekatika,
uso wangu ukimulikwa na simu na kipande cha mshumaa wa Pasaka.
Kura ishirini na tisa kwa ishirini na nane.
Bergen jua lilikuwa halijazama, Rosario walikuwa wanakunywa chai,
nami nikawa rais wa mashua zote za Kozi duniani,
mimi Perepetua, mwenye duka la dawa za mifugo pale Kitooro.

Kazi yenyewe si kushika kana.
Ni kujibu barua. Ni kulinda milimita.
Kozi zote ni pacha: omo ile ile, shetri ile ile,
tanga lisizidi hata kwa upana wa kidole,
ili anayeshinda ashinde kwa kuusoma upepo
wala si kwa mfuko.

Mwezi wa tatu Ignasio wa Rosario aliomba
aruhusiwe mkuku wa chuma. Risasi imepanda bei, alisema,
na vijana wake wanne wana mashua moja na madeni mawili.
Nilimjibu kwa mistari miwili:
Mkuku ni risasi, kilo mia tisa.
Wako katika mchezo, Rais.

Kisha likaja sanduku la rais aliyenitangulia:
vibao vya kupimia, timazi, utepe wa chuma wenye muhuri.
Nikasema heshima ianzie nyumbani.
Namba 31, mashua ya marehemu baba,
ikapandishwa Nakiwogo kwa winchi ya Tibakanya,
magugu maji yakiitiririka kama ndevu.

Mizani ikasema mia sita na arobaini.
Tukapima tena.
Mizani haina aibu.

Fundi akakwangua kwa patasi.
Chini ya rangi, saruji.
Ndani ya saruji, nondo, springi za lori,
mnyororo wa baiskeli ya mtu.

Mama alikuwa anamenya karanga. Hakuinua macho.
"Kwani hukujua?"

Mwaka wa sabini na tisa, vita vikinusa mlangoni,
jirani alikwenda kambini akasema:
Kasirye ana risasi, kilo mia tisa, uani kwake.
Wakaja na malori mawili.
Risasi iko wapi?
Baba akawaonyesha. Alikijua Kiswahili cha karakana tu,
neno moja, maana moja.
Wakautazama mkuku ulivyolala kwenye migomba,
mweusi, mtulivu, kama mamba anayeota jua.
Mmoja akacheka.
Mmoja hakucheka.
Wakaondoka nao, na baba juu yake.
Siku ya kumi na moja alirudi kwa miguu,
meno ya mbele hayapo,
akaomba maji, akaomba saruji.

Na mimi, miaka yote ile, nilimwita mwoga!
Alikunja tanga mapema kuliko wote.
Upepo wa kusini ukichafuka kidogo tu, aligeuza,
wenzake wakimzomea kutoka gatini,
nami, binti wa miaka kumi na minne, nikijificha nyuma ya mapipa
nisionekane ni wa nani.
Kumbe alikuwa anaendesha kitu chepesi chini, kizito juu,
kilichotaka kupinduka kila kukicha,
na hakikupinduka hata mara moja.

Usiku nimewasha taa, umeme upo, sina kisingizio.
Barua ya Ignasio nimeianza mara tatu.
Mpendwa Ignasio. Mpendwa Ignasio.
Kanuni bado ni kanuni; nikiilegeza leo
watasema rais kajilegezea mwenyewe,
na watakuwa wamesema kweli.

Nikavuta fomu ya ukaguzi.
Namba: 31. Mmiliki: mimi.
Matokeo: haikubaliki.
Sababu ya upungufu wa uzito,
na fomu imeacha mstari mmoja, mfupi.
Nikakaa nao mpaka majogoo.
Nikaandika: Risasi.