Somoe Anyamaza

Mkaguzi alifika Mahuta msimu wa salfa,
upepo wa mikoroshoni umetupaka unga wa njano
hadi kwenye kope, hadi kwenye chaki.
Nikamwita Somoe asome. Sikuhangaika kuchagua:
mgeni akibisha hodi
unatoa sahani isiyo na ufa.

Akasoma.
Kwenye nukta alitua, kwenye mkato akavuta pumzi,
kiulizo akakipandisha na bega.
Watoto sabini na mmoja, madawati kumi na manane,
hakuna aliyekohoa.
Mkaguzi akafumba macho kama anayeonja mchuzi.
Kisha akauliza: "Mbuzi alikufa kwa nini?"

Somoe akautazama ukurasa,
akamtazama mkaguzi.
"Mbuzi gani?"

Ni mimi niliyemfunza hivyo:
sauti itoke, ifike ukuta wa nyuma, irudi.
Nilimfunza kupiga ngoma,
sikumwambia ngoma ni ya nani.

Huko huko nyuma alikaa Mchopa.
Kwenye daftari langu nilishamwandika "hasomi":
kidole mstarini, midomo inatafuna hewa,
sauti hakuna.
Akasema bila kunyoosha mkono:
"Kamba ilikuwa fupi.
Maji yalikuwa hatua mbili mbele yake."

Mkaguzi akaandika. Akaacha agizo:
kuanzia kesho, kimoyomoyo.

Kesho yake tukafunga midomo.
Darasa likawa kisima cha mvua mwezi wa kumi;
unachungulia, hujui yamebaki maji
au ni giza tu limejaa humo.
Wengine waligeuza kurasa jirani alipogeuza.
Zuhura Nangumbi alilala macho wazi.
Nami nazunguka, nasikiliza vichwa,
na kichwa hakina dirisha.
Yupi yumo kitabuni?
Yupi anahesabu mabibo ya kwao?

Novemba, baada ya mnada, nilipita kwa akina Somoe
kuazima ndoo.
Bibi yake, Bi. Fatu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili.
Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi
iliyokunjwa hadi kufanana na hirizi.
"Nisomee, mjukuu wangu."

Somoe akasimama wima, kifua mbele,
akatoa ile sauti ya mkaguzi:
"Stakabadhi ya mazao. Jina la mkulima. Uzito halisi,
kilo mia mbili na kumi. Daraja la kwanza..."
"Mia mbili na ngapi?"
"Na kumi."
"Rudia."
Akarudia, polepole, neno moja moja,
na bibi akakunja vidole vitatu:
"Magunia matatu. Themanini, themanini, themanini.
La mwisho nililikalia ndipo likashoneka."

Hapo Somoe akanyamaza.

Miaka kumi na minne nafundisha, nimesikia vimya vingi:
cha woga, cha njaa, cha mtoto anayengoja kengele.
Hiki sikuwahi kukisikia.
Macho yakapanda juu ya karatasi, yakashuka,
yakasimama, yakarudi nyuma mstari mmoja,
midomo imebanwa kama shono la gunia.
Kuku akaingia kwenye ungo wa mtama.
Hakuna aliyemfukuza.

"Bibi," akasema, si kwa sauti ya darasani,
ni kwa Kimakonde, chinichini,
kama anayeambia mtu nyumba yake inavuja,
"kuna kilo thelathini hazimo."

Nikaondoka bila ndoo.

Jumatatu nilimweka Mchopa na Zuhura dawati moja:
huyu asome kwa sauti,
yule amkatize anavyotaka.
Kelele zikawa za sokoni, mwalimu mkuu akachungulia mara mbili.
Nikarudia swali la mkaguzi, kwa wote:
mbuzi alikufa kwa nini?

Mikono ikapanda. Kamba, kamba, mwalimu, kamba fupi.
Wa Somoe haukupanda.
Alikuwa ameinamia ukurasa, kimya,
kisha akainua uso:

"Mwalimu,
aliyeifunga hiyo kamba ni nani?"