Safu ya Nne

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizigo, stesheni ya Tanga.
Najua kupiga mstari. Najua kilichoingia na kilichotoka
lazima vitazamane uso kwa uso,
la sivyo karani hapati usingizi.

Kwa hiyo Bi Mwantumu aliponikabidhi daftari la kikundi,
jalada limelowa mafuta ya taa,
nilichora safu tatu: tarehe, nyumba, kilichotoka.
Majina hatuandiki.
"Andika mlango," alisema. "Mlango hauoni haya."

Basi ndivyo ilivyo.
Mlango wa kijani, Barabara ya Kumi na Tano: unga, kilo tano.
Mlango wa bati, Makorora: mchele kilo mbili, nauli ya Bombo.
Mlango usiokuwepo, pazia la kanga, Mikanjuni:
sare ya shule, darasa la tatu,
na viatu ambavyo tulikosea namba.

Nyange hupeleka kwa baiskeli, alfajiri,
kabla majirani hawajafungua madirisha,
taa ya mbele ameizima makusudi.
Masika alianguka na mchele relini, pale Chuda.
Aliuokota punje kwa punje mpaka kukapambazuka,
akafika na kilo moja na nusu na goti lililochubuka.
Nikaandika: nusu kilo, kuku wa Chuda.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja na gari jeupe,
katoni ishirini za mafuta ya kupikia, na mpiga picha.
Alitaka mama mmoja tu, asimame, ashike dumu, atabasamu kidogo.
Bi Mwantumu alimpa kiti, kahawa na kashata,
akamwambia kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mwenye homa:
"Mwanangu, uso wa mtu si stakabadhi."
Katoni ziliondoka na gari.
Mwezi ule tuligawa mafuta kwa vijiko.
Sisemi sikukasirika. Nilikasirika, na siku nyingine bado.
Katoni ishirini zina uzito wake.

Lakini lililonishinda si hilo.
Ni bakuli.

Alhamisi Nyange alirudi kutoka mlango wa bati
na bakuli letu la bluu, lile lenye ufa.
Ndani yake ndimu tatu,
na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti.
Yule mama, mumewe amelala Bombo wiki ya sita,
mguu umening'inizwa. Ndimu amezichuma wapi, sijui.
"Kasema chombo hakirudi kitupu,"
Nyange aliniambia, akitazama chini
kama aliyekamatwa na mali ya wizi.

Nikafungua daftari. Tarehe. Nyumba. Kilichotoka.
Ndimu hazikutoka. Ndimu zimeingia.
Nilikaa na kalamu mpaka adhana ya adhuhuri.
Kuzirudisha ni kumtukana.
Kuzigawa ni kumfanya mfadhili bila idhini yake.
Kuziacha zikauke, tutaulizwa.

Bi Mwantumu alichukua moja, akaikata,
akaikamulia mchuzi wa dagaa, tukala.
Hakusema neno. Alilamba kidole tu.

Jioni nilitoa rula yangu ya stesheni,
nikapiga mstari mmoja zaidi ukingoni,
mahali pembamba, karibu na uzi wa mshono.
Kichwa cha safu sikujua nikiite nini. Nikakiacha wazi.
Chini yake, kwa herufi za kubanana: ndimu tatu, chumvi.
Kisha nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa,
nikiandika niliyoyaona na kuyaruka miaka yote:

mlango wa kijani, kisamvu, fungu moja;
mlango wa mbao mbili, alikuja kutufagilia ua, hakuomba maji;
pazia la kanga, viatu, vimerudi,
vimepigwa kiwi,
kwa mtoto ambaye vitamtosha.