Mara Ngapi

Lowri Prydderch aliniuliza mara tatu
kabla hajavua koti lililokuwa likichuruzika maji:
mara ngapi? Mtoto ana haki ya kupimwa macho
mara ngapi, bila mtu kutoa peni?

Mimi ndiye ninayekaa mezani. Napokea simu,
nafuta alama za vidole kwenye miwani ya maonyesho.
Miaka kumi na tisa katika duka la Bwana Pugh,
hapa Blaenau, ambako mvua haina msimu,
hunyesha tu, kama mtu anayejisemea,
na vifusi vya sleti vimelala mlimani,
kijivu juu ya kijivu.

Nikamjibu: mara moja kwa mwaka,
mpaka atimize kumi na sita.
Na Bwana Pugh akiona haja, hata kabla ya hapo.

"Bure?"
Bure.

Akalitafuna neno kama anayeonja maziwa ya juzi.
Simlaumu. Neno lenyewe lina sura mbili:
la bure halilipiwi, la bure halifai,
na yeye maisha yamemfunza kwamba bure ghali.
Mkono wake ulikuwa mfukoni,
unahesabu sarafu za mita ya umeme kwa kupapasa.

Faili lilisema Gwion alikuja mara ya mwisho
akiwa na miaka mitano. Sasa ana tisa.
Nilifunga faili.

Dada yake, Mared, aliingia kwanza.
Mlango haukufungwa vizuri; tulimsikia
akizisoma herufi kwa sauti ya mwenye haraka.
Gwion alikaa kwenye stuli karibu nami,
midomo ikimchezacheza.
Nilidhani anasali.

Zamu yake ilipofika akapanda kitini,
miguu ikining'inia,
akasoma mstari wa juu, wa pili, wa tano,
hata ule wa mwisho, mdogo kama mayai ya chawa,
bila kusita, bila kukunja uso.
"Mnaona?" mama akasema. "Hana neno."

Bwana Pugh akabonyeza kitufe.
Herufi zote zikabadilika ukutani.
Gwion akaendelea kuzisoma zile za mwanzo.

Hita ilikuwa ikigugumia.

"Nani kakufundisha?"
"Mared. Alisoma kwa sauti."
"Na kwa nini, bwana mdogo?"
Akageuka kumtazama mama yake,
akakosea kidogo, akalitazama koti lililotundikwa:
"Miwani ni pesa."

Wiki mbili baadaye ikafika, fremu ya kijani,
chaguo lake mwenyewe, imelipiwa kwa hati ya serikali.
Lowri aliisoma karatasi ile mbele na nyuma,
akitafuta maandishi madogo yenye meno.
Hakuyapata.

Gwion akatoka nje. Akarudi mbio.
"Mlima una vipande!"
Kana kwamba tulimficha.
"Siyo kitu kimoja. Ni vipande vipande."
Kisha akamkazia mama yake macho, muda mrefu,
na macho hayana pazia,
akagusa mkunjo ulio kati ya nyusi zake:
"Hii ulikuwa nayo siku zote?"
Lowri akasema ni mvua imemwingia,
ilhali tulikuwa ndani, na paa letu ni zima.

Walipoondoka nikavuta droo, nikachukua kadi,
nikaandika jina lake na Machi ya mwaka ujao.
Mara moja kwa mwaka.
Lakini mara moja ni pia sasa hivi, usingoje,
na droo ile ina kadi nyingine zisizojibiwa:
Elfed wa kwa muuza mkate, Nanw,
wale mapacha wa Tanygrisiau,
watoto ambao labda ubao wa darasa
wanaujua kwa masikio.

Chai yangu ilikuwa imeshapoa.
Nikainua simu.
"Halo. Ndiyo, ni bure," nikasema.
"Hapana, mama. Siyo ile bure nyingine."