Kitakachotangulia

Stika ipo bado, pembeni juu ya kioo,
wino umefifia, lakini naisoma bila miwani:
Badilisha oili baada ya kilomita elfu tano
au miezi sita,
kitakachotangulia.

Mimi nilisoma mstari wa kwanza tu.
Miaka thelathini nimepiga chapa hati za viwanja,
najua jinsi "au" moja inavyoweza kumeza shamba la mtu,
na bado niliipita
kama jirani ninayemdai.

Hesabu yangu ilikuwa safi.
Alhamisi, mazoezi ya kwaya: Buruburu hadi Jogoo Road,
dakika nane kwenda, dakika nane kurudi.
Mwisho wa mwezi, benki.
Kliniki ya macho mara mbili kwa mwaka.
Starlet yangu, mwaka mzima na miezi minne,
imetembea kilomita mia sita na kumi.
Nikamwambia Kyengo, kwenye gereji yake Grogan,
kwa sauti ya mtu aliyekuja na risiti:
"Zimebaki elfu nne na ushei. Unanidai nini?"

Hakujibu.
Alifuta mikono kwa fulana ya mgombea aliyeshindwa,
akachomoa kijiti cha oili,
akanipitishia puani.
Petroli. Na nyuma ya petroli, uchachu,
kama uji uliosahauliwa jikoni.
Akafungua kifuniko juu ya injini:
ndani yake utando,
rangi ya maziwa yaliyokatika.

"Hayo ni maji."
"Ya nani? Sijaosha injini."
"Ya Julai, mama. Ya baridi hii yetu.
Injini hupumua. Asubuhi inavuta unyevu,
nawe huiachi ikapata moto wa kuutoa.
Dakika nane! Chai haijachemka, ushaepua.
Oili haihesabu safari peke yake.
Inahesabu siku, kama mfungwa."

Halafu, akiwa tayari chini ya gari, miguu tu nje:
"Mtembea bure si sawa na mkaa bure."
Nikanuna. Methali hiyo ni ya mama yangu,
alikuwa akinitolea kitandani.

Nati ikalia. Ikaanza kutoka,
nyeusi, bila haraka, ikijaa debe la rangi,
nami nimesimama pale nikiitazama
kama likizo niliyoilipia nisiende.

Elfu tatu mia tano, filta ikiwemo.
Stika mpya aliiandika mwenyewe:
tarehe tu. Pa kilomita aliacha wazi.
"Na kila wiki mbili," akasema, "iendeshe nusu saa,
mpaka sindano ya joto isimame katikati."
"Niende wapi?"
"Popote."

Neno hilo lilinisumbua hadi Muthurwa.
Tangu nistaafu sijaenda popote.
Nimekwenda benki.

Jumamosi nilishika barabara ya Kangundo.
Nikapita Njiru, nikapita Ruai,
nikapita mpaka nikaishiwa na majina ninayoyajua.
Sindano ilipanda, ikafika kati, ikatulia.
Injini ilikuwa na sauti nyingine, ya chini,
sauti ya mtu aliyemaliza kukohoa.
Nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikageuza.

Ile oili kuukuu nilikuja nayo nyumbani.
Sironka anayetuletea maziwa aliiomba:
nguzo za boma lake Kitengela zinaliwa na mchwa,
na mchwa, anasema, hawapendi harufu ya gari.
Aliufunga mtungi nyuma ya pikipiki,
mbali na mikebe, kwa kamba mbili, akaujaribu kwa goti.
Niliwasindikiza kwa macho hadi langoni:
yeye, na lita zangu tatu za Alhamisi,
zikianza, hatimaye, safari ndefu.