Kusoma Tu

Ofisi yetu iko Kirumba, juu ya duka la nyavu:
chumba kimoja, meza tatu, feni inayolalamika.
Zamani nyumba zote tulizopangisha
ziliishi ndani ya daftari moja la bosi Bugingo,
na daftari liliishi kwapani mwake.
Ulitaka chumba na sebule Nyegezi?
Umsubiri atoke msalani.

Sasa kuna mfumo.
Mfumo hauna kwapa, una milango,
na mimi, kwa kuwa nilimaliza chuo,
nikafanywa bawabu.

Nikakaa jioni na majina.
Nkwabi, apandaye majabali ya Mabatini na wateja,
nikampa kuona nyumba: picha, bei,
luku ya peke yako au ya kuchangia.
Simu za wenye nyumba nikamfichia.
Si kwamba simwamini.
Haya, simwamini:
mwaka juzi alimpeleka mteja Isamilo,
akarudi akisema hajaipenda,
na wiki iliyofuata tukamkuta mteja yuleyule
anaanika shuka uani.

Kokuhirwa wa mahesabu aandike risiti,
asiguse iliyokwisha andikwa.
Limi ana wiki tatu kazini. Yeye ataona
namba ya nyumba, simu, deni. Majina, hapana.
Kusoma tu.

"Kusoma tu ndiyo nini, dada?"
Ni kusimama dirishani mwa mgahawa, nikamwambia,
mwenzako ndani anachambua sato.
Akacheka. Kisha:
"Na wewe una nini?"

Mimi nina vyote.
Kuona, kuandika, kubadili, kufuta.
Hilo la mwisho wamelipaka nyekundu.

Sikumwambia habari ya mstari wa kumi na nne:
Kilimahewa, vyumba viwili, bati jipya,
maji Jumanne na Ijumaa,
mpangaji Nyanjige Magesa,
deni miezi mitatu.
Jina langu kamili. Hata herufi hawajakosea.

Wakaondoka wote. Feni nikaizima
ili nisikie ninachofikiri.
Kati ya kidole na deni
palikuwa na upana wa punje ya mchele.
Mfumo hukumbuka kila aliyegusa kitu, ni kweli,
lakini kumbukumbu yenyewe
ina msomaji mmoja, naye ni mimi.
Hapo ndipo nilipomwelewa Nkwabi,
jasho lake, ngazi zile za mawe,
na mwenye nyumba akisema taratibu, tumalizane wenyewe.

Nje, ziwani, taa za wavuvi wa dagaa
zilikuwa zimeshawaka, zimejipanga
kama mtaa mwingine, usio na kodi.
Nilizitazama mpaka shingo ikauma.

Kisha nikafungua jina langu,
nikaondoa tiki kwenye nyekundu,
nikampa bosi Bugingo
ambaye bado huniita nimwashie kompyuta.
Mfumo ukauliza: Una uhakika?
Hutaweza kujirudishia mwenyewe.
Uhakika sikuwa nao. Nikabonyeza.
Nikashuka ngazi, nikanunua mihogo ya kukaanga
kwa pesa ambayo, tukisema haki,
ilikuwa ya mwenye nyumba.

Asubuhi Limi kaja mapema, kaosha vikombe.
"Leo nianze na wadaiwa?"
Anza.
Akavuta simu ya ofisi, ile isiyo na majina,
akapiga Igoma, akapiga Bwiru,
kwa sauti ya mtu anayeamsha mtoto.
Shikamoo. Samahani. Tunakumbushana tu.
Wa Pasiansi akamtukana; akaandika "atapigiwa tena"
kwenye karatasi, maana kwenye mfumo haruhusiwi.

Halafu mkoba wangu ukatetemeka
chini ya meza.

Limi, mkonga sikioni,
akautazama mkoba. Akanitazama mimi.
Feni ikazunguka raundi moja, mbili.
Angeweza kukata. Hakukata.

Nikaitoa simu, nikapokea.
"Haloo," nikasema,
umbali wa meza mbili.
"Nakusikia. Sema."